CV ya ujuzi: kosa ni kuficha tarehe

Mwajiri akipokea CV iliyopangwa kwa ujuzi, inayotanguliza "Usimamizi wa fedha" au "Huduma kwa wateja" kabla ya orodha ya kazi, mara nyingi hushuku kabla hajasoma. Huyu anaficha nini? Shaka hiyo ina msingi. Wapo wanaofuta tarehe kabisa, na programu za kuchuja maombi nazo hutafuta cheo, mwajiri na miezi ya kuanza na kumaliza. Zisipoviona, mwombaji huonekana hana uzoefu.

Lakini mchukue mwalimu anayeomba kazi ya kuandaa mafunzo kampuni fulani. CV ya miaka, yaani inayopanga kazi kwa tarehe zake, itasomeka "mwalimu, mwalimu, mwalimu", basi. Uchunguzi wa Ladders, tovuti ya ajira ya Marekani, wa mwaka 2018 ulipata kwamba waajiri huitupia CV jicho la kwanza kwa wastani wa sekunde 7.4. Takwimu hii hupenda kutajwa na watetezi wa mpangilio wa miaka: jicho limezoea vyeo na tarehe, usilisumbue. Sawa, ila sekunde hizo hizo ndizo zinazomponza mwalimu wetu, kwa kuwa vyeo vyake vinasema kila kitu isipokuwa kile anachoombea kazi. Ndivyo ilivyo pia kwa aliyeuguza mzazi miaka mitatu, au aliyeishi kwa vibarua vya miezi miwili miwili.

Kingine kinachoiua CV ya ujuzi ni maneno yasiyo na mwenyewe: "uongozi bora, mawasiliano mazuri". Nani hawezi kuandika hayo? Afadhali hivi: "Niliandaa mafunzo ya wiki sita kwa walimu wapya 14, shule ya sekondari, 2021." Teua stadi tatu au nne kutoka kwenye tangazo, kwa maneno ya tangazo lenyewe, na kila moja uipe mifano miwili au mitatu ya namna hiyo. Chini yake weka kazi zote, mstari mmoja mmoja, na miezi yake. Pengo litaje: "2019–2022, malezi ya familia". Majedwali na safu mbili achana nazo. Programu nyingine huzisoma shaghalabaghala.

Aliyepanda kutoka karani hadi mhasibu mkuu haihitaji CV ya ujuzi. Miaka yake inamsemea. Na tangazo likidai mpangilio wa miaka, fuata, kisha stadi zako uzihamishie kwenye barua ya maombi.