Mfuko wa mbolea hautoshi: ruzuku ya Malawi na shamba la nusu hekta

Wamalawi wana msemo: chimanga ndi moyo, yaani mahindi ni uhai. Ndiyo maana kule ubishi kuhusu mbolea ya ruzuku huwa mkali. Mwaka 2005, baada ya mavuno kuharibika, Rais Bingu wa Mutharika aliirudisha ruzuku kwa kishindo huku wafadhili wakinung'unika. Mwenye vocha alipata mifuko miwili ya kilo 50, mmoja wa kupandia na mmoja wa urea, kwa sehemu ndogo tu ya bei ya dukani. Kufikia 2007 Malawi ilikuwa inawauzia Zimbabwe mahindi.

Wanaoitetea huanzia hapo, na wana haki. Kaya nyingi hulima chini ya hekta moja, mvua ni ya msimu mmoja, na ardhi imepandwa mahindi mwaka nenda rudi. Pasipo kisoda cha mbolea kila shimo, mtu anavuna magunzi.

Wanaoipinga hutaja gharama. Mpango mpya wa 2020 uliuza mfuko kwa kwacha 4,495 na ukataka kuwafikia karibu wakulima wadogo wote. Vita vya Ukraine vikapandisha bei ya mbolea, kwacha ikashushwa thamani, na orodha ya wanufaika ikaanza kukatwa. Mwaka 2022 ikabainika kuwa serikali imelipa malipo ya awali ya mbolea kwa kampuni ya Uingereza iliyokuwa ikiuza nyama. Ndiyo, nyama. Waziri wa kilimo akafukuzwa kazi.

Mimi kinachonisumbua zaidi ni Desemba na Januari. Ghala la kaya maskini limekwisha, basi baba na mama wanakwenda ganyu, kibarua cha kumpalilia jirani ili walipwe debe la mahindi. Shamba lao linangoja, na magugu hayangoji. Wakirudi, mbolea ya ruzuku inalisha magugu pamoja na mahindi. Enzi za vocha, wengine waliona heri kuiuza vocha yenyewe wale leo. Mfuko ni uleule, ila aliyeshiba hunufaika nao kuliko mwenye njaa.

Halafu kuna udongo. Ukishachoka na kuisha mboji, urea haiupi nguvu kama zamani. Wakulima wa kusini, pande za Mulanje na Phalombe, wana dawa yake: mbaazi katikati ya mahindi. Majani yakidondoka yanarutubisha, mashina yanakuwa kuni. Kwa miaka kadhaa vocha ziliambatana na pakiti ndogo ya mbegu za mikunde, lakini pesa nyingi zilibaki kwenye mbolea. Mbaazi nazo zina balaa lake: India, mnunuzi wake mkubwa, ilipobana uagizaji mwaka 2017, bei ilianguka.

Hata hivyo ningeibakiza ruzuku, na kuhamishia sehemu yake kwenye mikunde. (Tanzania, iliyozindua mbolea yake ya ruzuku Mbeya mwaka 2022, ingefaa kulitazama hili.) Kikwazo kikubwa cha mbaazi katika mkoa wa kati wa Malawi hata hakihusu pesa. Mahindi yakishavunwa mbuzi hufunguliwa wajilishe, na mbaazi bado zimesimama shambani miezi kadhaa mbele. Asubuhi moja tu mkulima anakuta vijiti. Wa kusogeza tarehe ya kuwafungua mbuzi ni mkuu wa kijiji, si wizara.