Mchaga Aliyekula Mkesha Bila Nyama

Ukisema unakwenda kula Krismasi Italia, watu wanakuona uko Roma unapiga picha na sanamu, au Venezia umekaa kwenye mtumbwi umevaa miwani. Hakuna anayekuona Basilicata. Hata Waitaliano wenyewe wengi hawajawahi kufika Basilicata. Ni mkoa wa milima, ule mwembamba unaopita kati ya kisigino na kidole cha lile buti la ramani ya Italia, una watu nusu milioni na kidogo, na mwenzenu ndiko nilikooa.

Tunakaa Torino, kaskazini kabisa. Chimba ukoo wa watu wengi wa Torino utakuta babu alitoka kusini miaka ya 1950 au 1960 kufuata kazi ya viwanda vya magari. Basi ikifika Desemba wote wanakumbuka kwao kwa wakati mmoja. Nauli zinapanda bila haya. Mimi nilidhani haya mambo ni ya stendi ya Mbezi, Dar es Salaam, sisi Wachaga tukirudi Kilimanjaro, kumbe na hapa kuna Wachaga wao. Tukaondoka na gari, zaidi ya kilomita 1,000, minyororo ya theluji kwenye buti la gari kwa sababu ya sheria, na mama mkwe kwenye simu kila tukipita mji. "Mmefika wapi?" Bologna. "Mmekula?" Firenze. "Mmekula?" Ukifika Salerno barabara ya kushuka kusini haina ushuru tena, na mimi nikiona kitu cha bure Ulaya huwa naanza kuwa na wasiwasi.

Kijijini vijana hakuna mwaka mzima, wamebaki wazee wanaocheza karata baa. Desemba kinafura. Mashemeji zangu wa Milano wanakuja na magari ya mkopo, halafu wanayaegesha uwanja wa kanisa, siyo nyumbani ambako nafasi ipo tele. Yaegeshwe kusikoonekana kwa faida gani? Na kila kikongwe unayepishana naye anakusimamisha akuulize wewe ni wa nani. Siyo unaitwa nani. Wa nani. Nikaeleza ukoo wa mke wangu mpaka vizazi vya babu, tena kwa mtu ambaye baadaye niligundua ni shangazi yake.

Sasa baridi. Msinifundishe baridi, nimezaliwa Kibosho, mteremkoni mwa Kilimanjaro. Lakini ile nyumba ya wakwe ni ya mawe, imejengwa kuzuia joto la Agosti, na kazi hiyo inaifanya kwa bidii hata Desemba. Moto uko jikoni peke yake. Chumbani pumzi unaiona ikitoka. Nikalala na soksi, kofia na jaketi. Mke wangu akaniuliza kama kuna mahali nakwenda. Usiku wa pili nikachomeka hita ya umeme. Giza, nyumba nzima. Kidogo nikajisikia niko nyumbani, ila mgao haukuwepo. Nyumba nyingi za Italia zina mkataba wa kilowati 3 tu. Ukiwasha oveni, mashine ya kufulia na hita kwa pamoja, swichi kuu inajishusha yenyewe. Na oveni ilikuwa na keki za mama mkwe. Baba mkwe akashuka na tochi kwenye mita, akapandisha swichi, akarudi, hakusema neno. Asubuhi hita sikuiona tena, na sikuthubutu kuulizia.

Nikaenda kuoga. Kwenye sinki la kuogea kuna samaki.

Anaitwa baccalà. Ni samaki wa Norway aliyetiwa chumvi akakaushwa mpaka akawa mgumu kama ubao wa jeneza. Ili aliwe lazima alowekwe siku mbili tatu na maji yabadilishwe kila mara, na familia ikiwa kubwa beseni halitoshi. Kijiji kiko mlimani, bahari huioni hata upande mnara wa kanisa, lakini chakula chao cha sherehe kinatoka Norway! Kila nikigonga mlango naambiwa subiri, anabadilishiwa maji. Nikaishia kuoga kwa kikombe pembeni, nimejikunyata. Samaki wenyewe hawaletwi na kichwa, lakini nilihisi natazamwa.

Ndipo nikaelezwa, taratibu, kama mtu anayepewa habari ya msiba, kwamba mkesha wa Krismasi hawali nyama. Narudia kwa faida ya wenzangu wa Kilimanjaro: tarehe 24 Desemba, saa ambayo kwetu mbuzi ameshavuliwa koti na wanaume wanagombania kisusio, ule mchuzi wa damu, hawa watu wamekaa mezani wakiwa wametulia kabisa, wanakula tambi zenye chenga za mkate mkavu. Ng'ombe wanao. Nguruwe wanao, tena soseji zimening'inia darini, nanusa nilipokaa. Ila hawagusi. Ni desturi.

Kuna kitu kimoja sitakisema vibaya. Pilipili za Senise, mji wa huko huko Basilicata. Ni nyekundu, ndefu, hazina ukali. Wakati wa joto wanazitunga kwenye uzi na kuzining'iniza nje ukutani zikauke, halafu Krismasi wanazipitisha kwenye mafuta ya moto sekunde chache tu. Ukizizidishia kidogo zimeungua, zimekuwa chungu. Mama mkwe alikuwa amesimama mbele ya kikaango na uma mkononi, haongei, hageuki hata ukimwita. Anazitoa, anaziacha zipoe, halafu anazivunja juu ya yule samaki, na mlio wake unausikia mpaka sebuleni. Nilikula bakuli zima peke yangu. Kisha zikaja pettole, donge za unga uliochachuka zinazodondoshwa kwenye mafuta. Shangazi mmoja akanishika mkono akanieleza kwa kirefu namna zinavyopikwa, mimi niliyekulia nyuma ya karai la maandazi.

Na usifikiri unaweza kukataa kitu. Ukimaliza sahani unaongezwa kwa kuwa umemaliza. Usipomaliza unaulizwa unaumwa wapi.

Katikati ya hayo simu ikaita. Mama, kutoka Kibosho, nyuma yake kelele za watu na mtu mmoja anabishania maini. Akanipa habari kwamba kaka ameshasoma majina ya waliochangia ng'ombe na langu halikuwemo. Kisha akauliza la maana, kwa sababu kwetu nyama inagawiwa kwa cheo, na mkwe ana sehemu yake.

"Wamekupa sehemu gani?"

Nikaangalia sahani.

"Mkia."

Mama akanyamaza. "Wamekudharau," akasema.

Kesho yake nyama ililetwa, mwanakondoo na viazi, sikatai. Lakini jeraha lilikuwa limeshaingia.

Baada ya chakula ni tombola, mchezo wa namba 1 mpaka 90, unafunika namba zako kwa maharage. Ungekuwa rahisi kama wangetaja namba. Hawataji. Bibi mwenye mfuko anafuata mtindo wa Napoli, ambako kila namba ina maana yake: anapaza sauti "Maiti anayesema!" na wote wanafunika 48. "Miguu ya wanawake!" Ni 77, bibi wa miaka tisini anacheka mpaka anafuta machozi. "Hofu!" Hiyo 90. Mimi nimeduwaa na harage mkononi, mke wangu ananitafsiria huku anafunika za kwake kwanza. Nililiwa sarafu zangu zote na mtoto ambaye bado hajaanza shule.

Lakini lililonichosha zaidi ni Epifania, tarehe 6 Januari. Tangu misa ya usiku paroko alikuwa ananitazama sana, nikadhani ni upendo wa Kikristo, kumbe anapima urefu wa joho. Kijiji kina hori la watu hai: Mariamu, Yosefu, wachungaji, punda, na Mamajusi watatu. Mmoja wa Mamajusi, Baldassarre, kwenye picha za kanisa huwa mweusi. Miaka yote alikuwa fundi bomba, akipakwa masizi ya kizibo. Nikawaambia jamani mimi ni mhasibu. Hakuna aliyesikia. Fundi bomba mwenyewe akaja kunipa mkono wa pongezi, lakini kinyongo kilikuwa wazi usoni.

Basi nikasimamishwa kwenye kilima, theluji pembeni. Wachungaji wamevaa ngozi za kondoo na wana moto. Mtoto ana punda anampumulia joto. Sisi wafalme tuna satini. Ndani ya satini nilivaa nguo zote nilizokuja nazo, nikatokea mfalme mnene. Mkononi nimepewa kisanduku cha manemane. Manemane ya kweli ni utomvu wa miti ya Pembe ya Afrika, kwa hiyo hapo ningesema angalau nimeleta kitu cha upande wetu, lakini nilipofunua nikakuta ni kahawa ya unga, tena pakiti imeshafunguliwa.

Mtoto mmoja akanivuta joho. "Baldassarre, umetoka mbali?"

"Torino," nikasema.

Paroko akafumba macho. Bibi mmoja aliyekuwa karibu akaguna kwa huruma ya kweli. "Torino! Maskini, na ule ukungu."

Siku ya kuondoka gari liliinama nyuma: mafuta ya zeituni dumu zima, chupa za nyanya, mashada ya pilipili, na soseji zile za darini, ambazo sasa ndiyo zimeruhusiwa. Tulipofika Salerno mtandao ukarudi vizuri, na ujumbe wa ukoo ukaingia. Kikao kimekaa. Asiyefika Krismasi bado anadaiwa ng'ombe, shilingi laki mbili. Nikajitetea kwa maandishi marefu: mafuta ya gari, zawadi za wakwe, hali ngumu. Ili waone nilivyoteseka nikaambatanisha picha nikiwa na joho, taji la kadibodi na kisanduku, natetemeka.

Kaka akajibu kabla hatujafika Napoli.

"Mfalme hawezi kushindwa na laki mbili."