Mkojo wa damu si kichocho peke yake

Kwetu Pemba kijana akikojoa damu, jibu liko tayari kabla hajakaa kwenye benchi: kichocho. Huku Uingereza wanafikiria saratani kwanza. Kila upande unakisia kile ulichozoea kukiona, na anayeumia ni mwenye hemanjioma ya figo. Huo ni uvimbe usio saratani, fundo dogo la mishipa ya damu ambalo huwapata zaidi vijana na watu wazima wa makamo.

Nawaelewa madaktari wa nyumbani. Kichocho kipo kweli, Pemba na Unguja, na dawa yake ni nyepesi: prazikwanteli miligramu 40 kwa kila kilo, yaani mtu wa kilo 60 anameza vidonge 4 vya miligramu 600 kwa mara moja. Ninachokipinga ni kumpa dozi ya tatu na ya nne mtu ambaye mkojo wake haujaonekana yai hata moja la minyoo ya kichocho. Na mkojo wa kutafutia mayai uchukuliwe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwa sababu ndio wakati mayai hutoka kwa wingi. Wa alfajiri unadanganya.

Halafu muulizeni mgonjwa damu inatoka wakati gani. Ya kichocho huonekana zaidi kwenye matone ya mwisho, maana jeraha liko kwenye kibofu. Ya figo imechanganyika tangu mwanzo hadi mwisho, nyekundu au kama chai ya rangi. Yakitoka mabonge marefu membamba mfano wa minyoo, hayo yameganda ndani ya mrija unaoshuka kutoka figoni, na yakiziba humsokota mtu ubavuni kama mwenye mawe.

Uvimbe wenyewe mara nyingi haufiki sentimita 2, umejibanza kwenye ncha ambako figo inadondoshea mkojo. Altrasaundi aghalabu haiuoni. Siti skani nayo, pamoja na sifa zote tunazoipa, inaweza kurudi safi. Kinachosaidia ni kamera ya kibofu siku ileile damu inatoka, daktari aone tundu la mrija wa figo ya upande gani linatema damu. Kisha kamera nyembamba inayojikunja hupandishwa mpaka ndani ya figo, na laza inachoma palepale. Zamani figo nzima ilikuwa ikitolewa kwa ajili ya kidoa hicho.

Siku ileile: hapo tunakosea wote. Pemba ni rufaa, boti mpaka Unguja, pengine mpaka Dar es Salaam, na mgonjwa akifika mkojo umeshatakata. Huku ni kusubiri miadi kwa wiki kadhaa. Kamera inaingia, haioni kitu, faili linafungwa. Mimi ningeanza na kamera ya kibofu Pemba, inayofanya kazi na mtu wa kuishika, kabla ya skani nyingine mjini.

Nanyi mlio huku, mwambieni daktari kwamba mlioga mitoni utotoni. Minyoo ya kichocho huishi mwilini miaka mingi, na wengi huku hawaulizi.

Mlioko nyumbani, damu ikitoka kojoeni kwenye glasi nyeupe, pigeni picha kwa simu, andikeni siku na saa. Mkojo ukiziba kabisa kwa mabonge, nendeni hospitali usiku huohuo.