Uteute wa Magoti na Mdomo wa Muuzaji

Mfamasia mmoja wa hapa Leeds amenifurahisha kwa jambo ambalo kwake, nadhani, ni la kila siku. Nilikuwa nimeshika kopo la glukosamini, kirutubisho kinachouzwa kwa ajili ya magoti na viungo, nililoagizwa na mama mkubwa wa Igogo, Mwanza, naye akaniuliza kama mtumiaji anameza wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa kuwa vikichanganywa damu inaweza kuwa nyepesi kupita kiasi, na kama anadhurika akila kamba au kaa, kwa kuwa glukosamini nyingi hutengenezwa kwa magamba yao. Kisha akasema wazi kwamba ushahidi wake ni hafifu, na kwamba NICE, taasisi inayowaongoza madaktari wa Uingereza, inawataka wasimpe mgonjwa mwenye magoti yaliyosagika. Muuzaji ananishauri nibaki na pesa yangu! Pale sokoni Makoroboi, Mwanza, nani amewahi kukutana na mtu wa namna hiyo?

Kopo lenyewe lilinivutia zaidi. Jina la glukosamini limejaa mbele kama jina la mgombea kwenye bango, lakini sentensi pekee inayotaja gegedu, lile linalofunika ncha za mifupa kwenye viungo, haiizungumzii kabisa: inasema kwamba vitamini C huchangia utengenezaji wa kolajeni, protini inayojenga gegedu. Sheria ya huku hairuhusu kirutubisho kudai kinatibu ugonjwa, na madai ya glukosamini kuhusu viungo yalikataliwa na wataalamu wa Ulaya, hivyo watengenezaji huchomeka vitamini C ili nao wapate la kusema. Ni ujanja, sikatai, na Waingereza hununua makopo hayo bila kuchoka. Tofauti ni kwamba mdomo wa muuzaji umefungwa kamba. Kwetu spika inalia kuanzia asubuhi kwamba uteute, yaani majimaji yanayolainisha viungo, umekauka, na kwamba chupa ileile inarudisha uteute, inashusha sukari, inaondoa presha na, mkiniwia radhi, inaamsha ndoa iliyolala.

Najua mtakavyosema: huyu amekula baridi ya Ulaya mpaka anadharau miti shamba iliyomlea. Sijadharau mizizi ya mtu. Hata dawa ya kizungu naipima kwa kipimo hichohicho, na mwaka 2006 Wamarekani walichapisha utafiti wa wagonjwa 1,583 wenye magoti yaliyosagika, waliofuatiliwa kwa wiki 24, ambao ulionyesha kwamba kwa jumla glukosamini na kondroitini, kirutubisho mwenzake, hazikupunguza maumivu kuliko kidonge kisicho na dawa. Kikundi kidogo cha wenye maumivu makali zaidi kilionekana kupata nafuu kwa kuzichanganya, lakini watafiti wenyewe hawakutaka kujenga nyumba juu ya hilo. Basi kama cha kwao nakisema hivi, cha kwetu nikinyamazie kwa sababu gani? TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, ina ofisi ya kanda hapohapo Mwanza, na spika bado inalia.

Kwa hiyo kopo sikulituma. Nilituma nauli na gharama za kumwona mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kwa sababu kuimarisha misuli ya paja na kupunguza uzito ndiko kunakopendekezwa kwanza, nami naambiwa nimekuwa bahili.

Atakayenijibu kwamba jirani yake alipona, namwomba aulize alipona kwa muda gani. Dawa iliyoitwa ya asili ikiondoa maumivu usiku uleule, kuna sababu ya kuogopa. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitahadharisha watu kuhusu Artri King, iliyouzwa kama kirutubisho cha viungo, baada ya kukuta ndani yake diklofenaki, dawa ya maumivu, na deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, ambazo hazikuandikwa popote kwenye kopo. Ya kwanza inaweza kuvujisha damu tumboni. Ya pili hupandisha sukari na, ikitumika kwa muda mrefu, huzizoesha tezi za mwili kutotengeneza homoni yake. Ndiyo maana aliyekwisha kuzoea chupa ya namna hiyo asiiache ghafla kwa kunisoma mimi, bali aende nayo kwa daktari pamoja na kopo lake.