Kemu ya kawaida au 2S kwa Norton Commando 750 inayoendeshwa kila siku

Kemu, yaani shafti inayofungua na kufunga valvu, ya pikipiki ya Norton Commando haitoki kwa kufungua kifuniko cha pembeni. Imelala mbele ya krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), ndani ya krenkikesi (kasha la krenki), na ili kuitoa ni lazima injini ishushwe na krenkikesi itenganishwe vipande viwili. Kwa hiyo mwenye 750 ambaye injini yake imefunguliwa kwa ajili ya beringi au krenki hujikuta na uamuzi ambao hautarudi kwa miaka mingi: arudishe kemu ya kawaida, au aweke 2S, kemu inayoacha valvu wazi kwa muda mrefu zaidi?

Wanaoitetea 2S wana hoja nzito. Kiwanda chenyewe kiliifunga mwaka 1972 katika injini ya Combat, toleo la Commando lenye nguvu zaidi, pamoja na mbano (kiasi ambacho mchanganyiko hubanwa kabla ya kuwashwa) wa 10:1 na kabureta mbili za Amal za milimita 32, na kikatangaza nguvu za farasi 65 kwenye mizunguko 6,500 kwa dakika. Ikipita mizunguko 4,000 hivi, injini hiyo inavuta kwa namna ambayo kemu ya kawaida haiwezi. Anayekwenda kazini kwa barabara kuu iliyo wazi, kilomita 50 au 60 bila taa za kusimamia, atazifaidi nguvu hizo kweli.

Wanaoipinga hutaja sifa mbaya ya Combat: beringi za krenki zilikufa mapema na pistoni zikavunjika. Hayo yalitokea. Lakini lawama yote kuitupia kemu ni kukosa haki. Roli za beringi za wakati ule zilikuwa na kingo zilizonyooka. Krenki ilipopinda kidogo kwenye mizunguko ya juu, kingo zile zilichimba njia ya beringi. Kifaa cha kutanguliza cheche kililegea springi zake na kuwasha mchanganyiko mapema kupita kiasi. Mfereji wa ringi ya oili kwenye pistoni ulikuwa umekatwa mpasuo, na hapo ndipo kichwa cha pistoni kilipong'okea. Juu ya yote, sproketi ya giaboksi ilikuwa na meno 19, ikaifanya injini izunguke kasi kuliko ilivyohitajika. Kwa hesabu ya primari (cheni ya kutoka krenki hadi klachi) ya 26 kwa 57, sproketi ya nyuma ya meno 42 na tairi la 4.10-19, mwendo wa kilomita 100 kwa saa unadai mizunguko karibu 3,900. Ukiweka meno 21 inashuka hadi karibu 3,550. Beringi za Superblend, ambazo roli zake zimeviringwa kidogo kingoni, pamoja na pistoni zenye matundu badala ya mpasuo, zilimaliza sehemu kubwa ya tatizo. Combat iliyofungwa upya kwa vitu hivyo inadumu.

Basi kama si uimara, ugomvi uko wapi? Uko kwenye namba za taimingi. Kemu ya kawaida hufungua valvu ya kuingiza digrii 50 za mzunguko wa krenki kabla ya pistoni kufika juu kabisa na kuifunga digrii 74 baada ya kupita chini kabisa. Ya eksozi hufunguka digrii 82 kabla ya chini na kufungwa 42 baada ya juu. Kwa 2S, namba ni 59 na 89 kwa kuingiza, 88 na 60 kwa eksozi. Muda wa valvu kuwa wazi unaongezeka kutoka digrii 304 hadi 328, na kipindi ambacho valvu zote mbili ziko wazi kwa pamoja kinatoka digrii 92 hadi 119.

Namba ya kuikazia macho ni ile ya 89. Injini haianzi kubana pistoni inapoanza kupanda. Inaanza valvu ya kuingiza ikishafunga. Kwa mkono wa krenki wa milimita 44.5 na konrodi ya milimita 149 hivi, kemu ya kawaida inabakiza takriban asilimia 71 ya mwendo wa pistoni kwa ajili ya kubana. 2S inabakiza asilimia 58 tu. Mbano wa kitabuni ukiwa 9:1, mbano halisi kwa kemu ya kawaida ni kama 6.7, kwa 2S ni kama 5.7. Ukiwa 10:1, 2S inapanda hadi 6.3, na kemu ya kawaida inafika 7.4. Ni makadirio ya jiometri, maana kwenye mizunguko ya juu hewa inayokimbia huendelea kujaza silinda hata pistoni ikipanda, lakini kwa mwendo wa foleni yanasema kweli.

Hapo ndipo inapoonekana kwa nini kiwanda kiliipa 2S mbano wa 10:1. Hayakuwa mapambo mawili tofauti. Kimoja kilifidia kingine. Ndipo pia linapoonekana kosa linalofanywa sana kwa nia njema: mtu ana Combat, anaogopa beringi, anaweka gasketi nene ya kopa ili mbano ushuke hadi karibu 9:1, kisha anaiacha 2S mahali pake. Amepata injini iliyolegea chini na isiyo na nguvu za Combat juu. Kinyume chake kina hatari zaidi: silinda hedi ya Combat iliyopunguzwa milimita 1, ikifungwa juu ya kemu ya kawaida, inakaribisha kunoki (mchanganyiko kulipuka vibaya na kugonga) wakati wa kupanda mlima kwa gia kubwa huku injini ikiwa ya moto.

Mwinuko nao una neno. Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, hewa ina mgandamizo pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko Mombasa. Huko juu 10:1 inavumilika, ila 2S nayo itazidi kuwa dhaifu chini ya mizunguko 3,000. Mombasa na Dar es Salaam, kwenye joto na foleni, mbano wa karibu 9:1 na kemu ya kawaida unakaa salama.

Kwa matumizi ya kila siku, nasimama na kemu ya kawaida bila kusitasita. Commando imefungwa kwenye fremu kwa raba za Isolastic, na chini ya mizunguko 2,000 hadi 2,500 hutikisika sana. Mjini unapita humo mara kwa mara, ukiachia klachi na kufungua gesi kidogo kidogo. Kemu ya kawaida inakuvusha hapo haraka. 2S inasita papo hapo kwenye mtikisiko, moshi uliokwishaungua ukirudi kuchanganyika na petroli mpya na plagi zikijaa masizi. Anayebaki na barabara kuu pekee achague 2S kwa moyo mweupe, ila aichukue na mbano wake.

Kemu yoyote utakayochagua, kazi ya kufunga ni ileile. Angalia nyuso za tapeti, vipande vinavyosukumwa na kemu, zinazokaa kwenye silinda: zikiwa na vishimo au mfereji, zitaila kemu mpya katika muda mfupi. Silinda hedi ikipunguzwa, pushirodi nazo zifupishwe kwa kipimo kilekile, la sivyo pembe ya roka (mkono unaoisukuma valvu) inaharibika. Panga alama za sproketi ya kati na ya kemu kwa roli 10 za cheni katikati yake, na acha cheni icheze milimita 4.8 mahali ilipokaza zaidi. Usiishie kwenye alama. Funga sahani ya digrii kwenye krenki, tafuta pande mbili ambazo valvu ya kuingiza imeinuka sawa, na katikati yake iangukie karibu digrii 102 baada ya juu kabisa kwa kemu ya kawaida, 105 kwa 2S. Kwa 2S weka udongo wa kuchezea watoto juu ya pistoni, zungusha injini kwa mkono mara mbili, kisha ukate na upime: usikubali chini ya milimita 1.5 upande wa kuingiza na 2 upande wa eksozi. Springi za valvu nazo zibaki na nafasi ya milimita 1.5 kabla ya kugandana valvu ikiwa wazi kabisa.

Nafasi ya tapeti hupimwa injini ikiwa baridi: milimita 0.15 kuingiza na 0.20 eksozi kwa kemu ya kawaida, 0.20 na 0.25 kwa 2S. Valvu ya kuingiza ya kulia ikiwa wazi kabisa, seti ya kushoto, kisha geuza. Eksozi vivyo hivyo. Cheche isitangulie zaidi ya digrii 28, na ipimwe kwa taa ya taimingi injini ikizunguka kasi ya kutosha kufikia mwisho wa kutanguliza, kwa sababu kipimo cha injini iliyosimama hakikuonyeshi springi zilizolegea. Kwenye kabureta, badilisha sindano na jeti yake namba 106 kabla ya kugusa kitu kingine. Zikilika kwa matumizi ya kila siku, injini inakunywa petroli katikati ya gesi, na watu wengi hudhani kemu ndiyo mbaya.

Siku ya kwanza ya kuwasha, paka kemu grisi ya molibdeni wakati wa kufunga, hakikisha oili inarudi kwenye tangi, kisha shikilia mizunguko 2,000 kwa dakika 20, ukiipandisha na kuishusha kidogo, feni kubwa ikiwa mbele ya silinda. Isiachwe izunguke polepole bila gesi hata dakika moja katika muda huo: oili inayorushwa na krenki ndiyo inayoilowesha kemu, na kwenye mizunguko 900 hairushwi ya kutosha. Baada ya kilomita 500 mwaga oili, kaza silinda hedi injini ikiwa baridi, na upime tapeti tena. Nafasi iliyoongezeka kwa milimita 0.10 kwenye valvu moja tu, huku nyingine zikibaki palepale, ni dalili kwamba kemu au tapeti hiyo inalika, na injini isiendeshwe tena mpaka ifunguliwe.