Gitaa la Kujiundia

Aliyeandika kwenye boksi kwamba kazi hii inahitaji bisibisi moja na mchana mmoja ninamtafuta, wala simtafutii ubaya. Ninataka tu aje akae nami hapa barazani, nimkabidhi hiyo bisibisi na huo mchana, kisha nimtazame.

Ndani ya boksi mlikuwa na kiwiliwili cha mbao tupu, shingo iliyokwisha kufungwa freti (vile vipande vyembamba vya chuma vinavyoikatiza shingo), mfuko wa skrubu za kila kimo, na karatasi ya maelekezo yenye picha pekee, ambamo bwana mmoja asiye na pua anatabasamu kuanzia picha ya kwanza hadi ya mwisho. Ni dhahiri kwamba bwana huyo hajawahi kupiga msasa. Mbao hii huitaka msasa mkwaruzo, kisha mwororo, kisha mwororo zaidi, halafu vanishi, ambayo kila mkono wake sharti ukauke kabla ya mwingine, na vanishi inayokauka Dar es Salaam wakati wa masika bado sijaiona.

Gitaa lenyewe limeigwa kutoka Telecaster, gitaa la umeme ambalo Leo Fender alilitoa kule California mwanzoni mwa miaka ya 1950, na sifa yake mojawapo ni kwamba shingo hushikwa na skrubu nne tu, ili ikiharibika ibadilishwe bila taabu. Skrubu zangu zilikuwa nne, na matundu yalikuwa manne, isipokuwa matundu ya shingo na ya kiwiliwili hayakuwahi kutambulishwa. Seremala wa mtaani aliyaziba kwa vijiti na gundi, akayatoboa upya kwa keke, na kunitoza kana kwamba nimeagiza kitanda.

Kisha zikaja nyaya. Pikapu, zile zinazonasa mtikisiko wa nyuzi, ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mizunguko, na kutoka hapo umeme hupita kwenye vitufe vya sauti hadi kwenye tundu la kebo. Upo pia waya mmoja wa erthi unaopaswa kufika chini ya daraja la nyuzi, ambao bwana mwenye tabasamu hakuuchora. Bila waya huo gitaa hunguruma muda wote, na halinyamazi hata unapozigusa nyuzi. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kutusalimu, aliuliza kwa upole ni lini tulifungua mashine ya kusaga chumbani.

Hayo yote, hata hivyo, yalikuwa utangulizi, kwa sababu gitaa lililokwisha kuungwa bado halijawa gitaa mpaka lirekebishwe. Nyuzi sita hizi ni wapangaji wa nyumba moja, na ukimridhisha mmoja umeanzisha ugomvi na wengine. Nyuzi zikiwa juu mno, vidole vinachubuka. Ukizishusha hadi karibu milimita 2 juu ya freti ya 12, zinagonga freti na kulia zii. Unakaza kidogo chuma kilichomo ndani ya shingo, au unakilegeza, na kimo chote ulichokipima kinabadilika. Ukipata kimo, unaubana uzi kwenye freti ya 12, mahali ambapo sauti inapaswa kuwa ile ile ya uzi usiobanwa, ila juu kwa oktavu moja kamili, nawe unakuta imepanda kupita kiasi, kwa hiyo unasogeza tandiko la uzi huo, yaani kile kipande kidogo kinachoubeba pale darajani, nyuma ili urefu uongezeke. Uzi unapotoka kwenye sauti, unautyuni upya, na unapoutyuni, mvuto unabadilika, na shingo, ambayo nilidhani tulikwisha kuagana kwa amani, inapinda tena.

Katika kujiliwaza nilimsimulia mke wangu kwamba Leo Fender mwenyewe hakuwa mpigaji gitaa, bali fundi aliyefungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton mwaka 1938. Alinisikiliza, akatazama pasi yangu ya kulehemu, akasema, “Kumbe, Baba Zuhura,” na kwenda zake kwa majirani. Sasa gitaa limeegemea ukuta likiwa na nyuzi tatu zilizokubali na tatu zinazokata rufaa, kwa kuwa meza imejaa redio mbili za mjumbe, feni ya mwalimu wa madrasa, na birika la umeme ambalo mwenyewe amesema atalipitia leo jioni.