Picha za PCD si ndogo, tunazikata wenyewe

Kuna ushauri kuhusu diski za Photo CD (CD za Kodak ambamo maabara zilihifadhi picha za filamu zilizoskaniwa) unaoniudhi kila ninapokutana nao: chukua programu yoyote ya bure, geuza faili zake zote za picha, yaani PCD, ziwe JPEG, kisha diski tupa. Watu wanaufuata, wanapata vipicha vya pikseli 768 kwa 512, wanasema basi, picha za miaka ile ndivyo zilivyokuwa. Sivyo zilivyokuwa! Mfumo huo wa Kodak, uliotoka mwaka 1992, ulihifadhi negativu ya milimita 35 hadi pikseli 3072 kwa 2048. Aliyebaki na 768 kwa 512 ana sehemu moja kati ya kumi na sita, na kama ametupa diski, zile kumi na tano hazipati tena.

Chanzo kimo ndani ya faili. PCD moja hubeba picha ileile kwa vipimo vitano, kuanzia 192 kwa 128. Vitatu vya chini vimeandikwa wazi, bila kubanwa. Viwili vya juu, 1536 kwa 1024 na 3072 kwa 2048, havikuandikwa vizima. Kilichowekwa ni tofauti kati ya kipimo cha chini kilichokuzwa na picha halisi, nayo imebanwa kwa njia ya Huffman, ambayo programu lazima ijue kuifungua. Programu nyingi husoma kilicho wazi na kuishia hapo, wala hazikuambii kuwa zimeacha kitu.

Piga hesabu mwenyewe. Kipimo cha 768 kwa 512, rangi zikiwa zimepunguzwa nusu kila upande, huchukua baiti 589,824. Faili yako ina megabaiti nne au tano. Hizo nyingine zote ni za nini?

Hata ImageMagick, programu ya kugeuza picha kwa kuandika amri, ambayo naiamini, ukiiachia ichague hutoa 768 kwa 512. Ni lazima uitajie kipimo:

magick 'IMG0012.PCD[5]' IMG0012.tif

Hiyo 5 ndiyo kipimo kikubwa. Alama za kunukuu usiziondoe, kwani mabano yanaweza kueleweka vingine. Kisha hakiki kwa magick identify: isome 3072x2048, au kinyume chake picha ikiwa ya wima. Ikisoma kingine, usiendelee na diski nzima.

Halafu weupe. Katika PCD, mwangaza hupimwa kuanzia 0 hadi 255; nyeupe ya kawaida inakaa kwenye 182, na kuanzia hapo hadi 255 ni mng'ao uliozidi. Programu inayoifanya 182 kuwa mwisho inaunguza kila kilicho juu yake. Angalia kanzu iliyopigwa na jua: ikiwa mikunjo ya begani imepotea na kubaki bapa jeupe, mgeuzo ni mbovu, ingawa vipimo viko sawa. Programu ya pcdtojpeg imeandikwa kwa ajili ya PCD tu na hushughulikia jambo hili vizuri. Ubora wa JPEG inayotoa upandishe hadi mwisho.

Haya, TIFF (ile .tif ya amri ya juu) ni nzito: karibu megabaiti 19 kwa picha isiyobanwa, gigabaiti 2 hivi kwa diski ya picha mia. Flashi ya bei ya chini kabisa inazibeba. JPEG ndogo ni ya kutuma WhatsApp.

Kabla ya yote hayo, nakili folda nzima ya PHOTO_CD, maana diski zenyewe zinachakaa. Linganisha idadi ya faili za IMG ndani ya IMAGES na picha zilizochapwa kwenye karatasi ya kasha. Zikipungua, huenda kisomeo kimeona awamu ya kwanza tu, kwa kuwa diski iliweza kurudishwa maabara ikaongezwa filamu nyingine. Jaribu kisomeo kingine. Na PCD msizifute hata TIFF zikishapatikana: ndani yake kuna aina ya filamu na tarehe ya kuskaniwa, na programu nyingi za kugeuza hazivihamishi.